Gauni la Kuogea Pwani ya Kusini ya Ufaransa

Katika maelezo haya nimetenga niliyoyaona na niliyoyasikia. Niliyoyaona nitayaandika bila kusita. Niliyoyasikia nitasema nimeyasikia, na msomaji ayapokee kwa kadiri anavyomwamini msemaji. Nimelazimika kufanya hivyo kwa sababu hapa Ilford, Uingereza, habari ya safari yetu ya kusini mwa Ufaransa imekwisha kunenepa. Juzi niliambiwa dukani kwamba kuna bibi mmoja wa Kizanzibari aliyeogelea mpaka kwenye mashua za matajiri, polisi wakamfuata kwa boti. Aliyenisimulia hakujua kwamba mume wa bibi huyo ndiye mimi.

Chanzo cha safari nakijua. Mke wangu alipasuliwa goti, kisha damu ikamganda mguuni, na daktari akamkataza safari ndefu ya ndege. Hilo daktari alilisema mbele yangu. Maana yake ilikuwa kwamba mwaka ule hakuna kwenda kwetu. Mke wangu hakulalamika. Alisema tu, kila nilipompeleka kwenye mazoezi, kwamba anataka maji ya chumvi yambebe japo mara moja, goti lipumzike. Bahari ya Uingereza aliwahi kuingiza miguu, akaitoa papo hapo. Ndipo nikaifikiria ile pwani ya jua ambayo mtu anaifikia kwa treni.

Nililitaja jambo hilo nyumbani kwa shemeji yangu, tunakokunywa kahawa baada ya sala ya Ijumaa, na kila aliyekuwapo akageuka mjuzi. Mmoja alisema mchanga wa Nice ni mweupe kama wa Paje. Mwingine alisema huko halali haipatikani, tubebe samaki wa kopo. Shemeji, ambaye hupenda kunichokoza, akatua kikombe.

“Maalim, mpeleke dada yangu akaone maua. Baharini hatoingia. Kule mwanamke akiingia na nguo zake, askari humtoa mbele za watu.”

“Wewe ulimwona nani akitolewa?”

“Mimi sijafika. Lakini kila mtu anajua.”

“Basi nitajie mmoja katika hao kila mtu, nikamuulize.”

Wakacheka, wakasema ualimu haujanitoka. Lakini mke wangu alikuwa chumba cha pili na wanawake wenzake, na mlango ulikuwa wazi. Tuliporudi nyumbani alilitoa mkobani gauni lake la kuogea, la pamba, refu hadi vifundoni, la mikono mirefu, akalirudisha kabatini.

“Kwenda tutakwenda,” alisema, “lakini mimi nitakaa kitini. Sikujitunza umri wote huu nije kutolewa majini kama kuku aliyenyeshewa.”

Sikubishana naye, maana sikuwa na ushahidi. Alipokwenda kutia udhu nililichukua gauni lile nikaliweka chini ya mashati yangu.

Tulisafiri Septemba, na huo ndio mwezi ninaoupendekeza: wanafunzi wamerudi shule, bahari haijapoa. Paris hubadilishwa stesheni. Zinaunganishwa na treni ya chini kwa chini, na asiyetembea vizuri asimsikilize anayemwambia kwamba ni karibu kwa miguu. Katika treni ya kuelekea Nice, kaa upande wa kulia. Kwa muda mrefu utadhani nimekudanganya, kwa kuwa utaona mashamba tu. Kisha majabali mekundu yanashuka hadi majini, na reli inapita juu yake. Mke wangu, aliyekuwa akisinzia, aliweka kiganja juu ya kioo na hakukiondoa mpaka tulipofika.

Pwani ya Nice ni mawe. Mchanga haupo hata wa kujaza kikombe. Ni mawe laini ya mviringo, ya kijivu, yanayoteleza chini ya unyayo, na mwenye goti bovu asiyajaribu. Halali ipo: katika mitaa ya nyuma ya stesheni tulikula kuku wa kuchoma kwa watu wa Tunisia, na mwenye duka alikataa tuondoke bila chai. Kuna pia chakula chao cha unga wa dengu, chembamba, kinachookwa ndani ya sinia pana na kunyunyiziwa pilipili manga. Mke wangu alikionja, akasema ni bajia iliyokanyagwa na gari. Akaagiza tena.

Juu ya ufuo kuna njia pana yenye viti vya buluu. Hapo ndipo nilipoanza uchunguzi wangu. Nilitaka kumwona mwanamke mmoja tu akiingia majini amejisitiri, nione atafanywa nini. Kazi hiyo humlazimu mtu kuwatazama walioingia bila kujisitiri, na mke wangu, tasbihi mkononi, hakuliachia hilo.

“Bwana wee, leo utafiti umefika wapi?”

“Bado.”

“Naona. Na yule wa kitambaa kidogo naye ni ushahidi?”

Nilihamishia uchunguzi kwenye mji mdogo ulio vituo kadhaa kutoka Nice kwa treni. Jina lake silitaji, kwa sababu kanuni hutofautiana mji na mji na huweza kubadilika, nami sitaki kuwa “kila mtu” wa watu wengine. Penye mlango wa pwani hubandikwa ubao wa kanuni, usome mwenyewe. Ule niliousoma mimi ulikataza mbwa, chupa na mpira. Juu ya nguo haukusema neno. Pwani yenyewe ni ya mchanga, imekingwa na ukuta mkongwe wa mawe, na maji yake yametulia.

Asubuhi tuliyofika huko, bibi mmoja wa Kiarabu, mwenye mtandio na gauni refu, aliingia majini amemshika mjukuu mkono. Mlinzi wa waogaji alikuwa juu ya kiti chake kirefu. Maji yalipomfika bibi yule kiunoni, mlinzi akapiga filimbi. Nilisimama. Mke wangu, aliyekuwa ametazama chini, aliinua kichwa. Mlinzi alikuwa akiwafokea vijana waliotaka kujirusha kutoka ukutani. Bibi hakugeuka hata kutazama.

Nilimwendea mlinzi, na kwa Kifaransa changu cha shuleni nikamweleza kwamba mke wangu angependa kuingia na mavazi kama yale. Akaniuliza jambo moja tu: anajua kuogelea? Nilimjibu kwa uaminifu kwamba nimeambiwa anajua. Kwetu wanawake walioga upande wao na wanaume upande wao. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akiogelea.

Niliporudi kwa mke wangu nilimpa taarifa kwa utaratibu: ubao nimeusoma, bibi nimemwona, mlinzi nimemuuliza.

“Gauni nimeliacha Ilford,” alisema.

Nikalitoa mkobani mwangu. Alilitazama, akanitazama mimi.

“Mwizi mkubwa wewe. Kabatini kwangu!”

“Vaa, bibi.”

Alikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akarudi, akanikabidhi fimbo na miwani. Nilimshika mkono hadi maji yaliponifika magotini, na hapo akauachilia mkono wangu. Polisi sikuwaona. Mashua zilikuwa mbali, nje ya ukuta, na hakuzikaribia. Baadaye alinieleza kwamba aliyafuata maji mpaka miguu ikakosa chini. Hilo ni neno lake, nami sikuliona, kwa kuwa watoto wenye boya kubwa walipita katikati yetu. Walipokwisha kupita, alikuwa amelala chali juu ya maji, macho ameyafumba, gauni limetanda pande zote, na vidole vya miguu yote miwili viko juu, nje ya maji.