Jicho la Ma Justina

Nilipokuwa mtoto pale Kemondo, kando ya ziwa, nilijua kabla sijajua kusoma kwamba jicho la jirani linaweza kuua nyavu. Baba alikuwa mvuvi, na vizito vya risasi vya kuzamishia nyavu alivitengeneza mwenyewe. Alinunua betri mbovu za magari, akazivunja, akayeyusha risasi yake katika sufuria kuukuu na kuimimina kwenye vishimo vya mchanga. Kazi hiyo aliifanya chumbani, mlango umekomewa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mtu wa nje akiiona risasi kabla haijaonja maji ya ziwa, nyavu zitarudi tupu. Ndivyo alivyofundishwa. Mimi nilikuwa shuleni, lakini mdogo wangu Koku, wa miaka minne, alikaa humo humo akichezea majivu.

Koku akaanza kulia tumbo. Akakonda, akawa mkali kwa kila mtu, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Mwishowe hata kikombe kilimshinda kushika.

Baba hakutafuta sababu mbali. Ma Justina, mjane muuza dagaa aliyehamia kutoka visiwa vya ziwani, aliwahi kusukuma mlango wetu akiomba kaa la moto, akaiona risasi ikichemka. "Yule mama ana jicho," Baba alisema, na neno likatembea mwalo mzima, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Watu wakaacha kununua dagaa wake. Nakumbuka akirudi jioni na beseni limejaa kama alivyoondoka nalo, na hakuna aliyemsalimia.

Mama alikuwa Mlutheri wa Kamachumu, mpole kanisani, mbishi nyumbani. Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, alisema anakwenda kwao na watoto.

"Vizuri," Baba alisema. "Jicho halitafika huko."

"Litafika. Ma Justina anakwenda nasi, na yeye ndiye atakayembeba Koku."

"Unataka kumuua mwanangu?"

"Kila ukiyeyusha, mtoto hapati usingizi kwa tumbo. Nimeona mimi. Kama ni Ma Justina, nilaumu mpaka kaburini. Kama siye, utamwomba radhi mbele ya watu wale wale."

Ma Justina mwenyewe aliogopa. "Waitu, jamani, wakinisingizia na huko nitakimbilia wapi?"

"Mbebe tu, Ma," Mama alimwambia.

Kule Kamachumu niliyachunguza macho ya Ma Justina kwa hofu. Yalikuwa macho ya mtu aliyekaanga samaki miaka mingi, mekundu kidogo, basi. Alizunguka na Koku mgongoni kati ya migomba akimwimbia Kihaya kibovu cha visiwani. Kidogo kidogo tumbo likatulia, Koku akaanza kula. Kahawa ilipokwisha kuanikwa, alimnyang'anya Ma Justina kikombe na kukishika mwenyewe. Mama alilia wazi wazi, kisha akatupeleka hospitali Bukoba mjini.

Daktari aliuliza nyumbani tunafanya kazi gani. Majibu ya damu yalipokuja, alisema ni risasi: mtoto ameivuta kwa moshi na kuilamba vidoleni. Ilikuwa imeingia kwenye mifupa na kwenye ubongo, na ilichoharibu hakitarudi chote.

Mama alirudi Kemondo akang'oa magunia na kusugua nyumba nzima kwa maji. Baba alifunga mawe kwenye nyavu, pale mwaloni, kila mtu akitazama. Nyavu hazikurudi tupu. Radhi aliiomba kwa sauti ndogo. Mama akamwambia aongeze sauti, na akaongeza.

Koku sasa ni mtu mzima. Anacheka sana, lakini kusoma kulimshinda, na mkono wake wa kulia bado hauna nguvu. Wapo wanaosema yamepita. Mimi bado nina hasira. Tuliwafungia nje watu wema, tukajifungia ndani na sumu.

Siku hizi nimepanga chumba Kashai, Bukoba mjini. Jirani yangu mmoja anayeyusha betri chumbani, mlango umefungwa, na nasikia watoto wake humo ndani wakikohoa. Nimekwenda kugonga mara nyingi. Jana alinifokea kupitia mlangoni:

"Mama wewe, una jicho!"

"Ninalo," nikamjibu. "Fungua."