Ulimi wa Mama Pampu

Mtaani walimwita Mama Pampu, kwa kuwa ndiye aliyesimamia pampu ya kisima chao. Kwa miaka kumi na miwili hakuwafungulia watu maji kabla hajayaonja mwenyewe. Wifi yake, aliyekaa naye nyumba moja, alimtania kwamba ulimi ule ungestahili mshahara wake peke yake.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekata misimu mitatu mfululizo. Kamba ya kupimia kina ilizidi kuzama, na vumbi lililochanganyika na moshi wa kiwanda cha ngozi liliwakohoza wakubwa kwa wadogo. Mama Pampu hakutulia. Akishika hiki anakiacha. Akiketi, mara kainuka.

Asubuhi moja akayaonja maji, akatema. Akaonja tena. Yalikuwa na utamu usioeleweka, na nyuma yake harufu ya rangi mbichi. Akatia kufuli.

"Umepatwa na nini?" Fundi cherehani, jirani yake, alibwaga ndoo chini. "Nina watoto nyumbani!"

"Ndiyo maana nimefunga, jirani."

"Si tutachemsha!"

"Harufu hii si ya kuchemsha ikaisha."

Matusi yakamshukia. Hata wifi yake akamnong'oneza, "Wifi, ukikosea hapa tutahama." Hata yeye hakuwa na hakika. Alikwenda ofisi ya maji na chupa ya maji yale kwapani.

Karani hakuinua uso. "Mpimaji wa maji hayupo mpaka Alhamisi."

"Basi nitamngoja mpaka Alhamisi."

"Kaa pale kwenye benchi."

"Benchi silitaki."

Akawa anakwenda na kurudi mbele ya meza, kandambili zikipiga sakafu, pa, pa, pa, hadi karani akasalimu amri akaenda kumwita mpimaji. Kumbe alikuwa chumba cha pili, anakunywa chai.

Mpimaji akaichukua chupa kwenda kuyapima maji, na siku ya nne alikuja mwenyewe mtaani. Kina kiliposhuka, aliwaeleza, kisima kilianza kuvuta maji ya upande wa mtaro wa kiwanda, pamoja na dawa za kutengenezea ngozi. Kisima kikapigwa muhuri. Kiwanda kikaamriwa kuziba mtaro; kikaziba nusu. Mama Pampu naye akabaki hana kazi.

Gari la maji likaanza kuja mara mbili kwa wiki. Kwenye foleni fundi cherehani alimpisha, macho chini. "Pita, mama. Nilikukosea."

"Ulikuwa na kiu," akamjibu, na hakupita.

Lakini kukaa nyumbani kulimshinda. Kila asubuhi alifuata mtaro ule hadi getini kwa kiwanda, wifi yake nyuma akilalamikia miguu.

"Umekuja tena?" mlinzi alikuwa akiuliza.

"Mmeziba?"

"Bado."

"Basi kesho nipo."

Mwezi wa tatu wa safari hizo wakauziba mtaro wote. Kisima hakijafunguliwa mpaka leo, na mvua bado.