Habari Iliyorudi Ho Kutoka Kpando

Dzigbordi Amenuvor alipewa jina lenye maana ya subira, na mji mzima wa Ho ulijua kwamba wazazi wake walibahatisha vibaya. Alikula haraka, alitembea haraka, na mtu akikawia kumaliza sentensi, alimmalizia yeye. Ila mbele ya mashine aligeuka mtu mwingine. Alikuwa fundi wa mtandao katika kampuni ndogo iliyounganisha shule, zahanati na makanisa ya milimani, na kazi yake hasa ilikuwa kutunza ruta, zile mashine zinazoielekeza data njia ya kupita. Ruta ikimsumbua, aliisemesha kwa upole mpaka akple, ugali wake wa mchana, ikapoa kwenye bakuli.

Kampuni hiyo ilikuwa imeunganisha mtandao wake na wa kampuni nyingine ya Kpando. Fundi wa huko aliitwa Elikem. Hawakuwahi kuonana. Dzigbordi alimjua kwa sauti ya simu tu, sauti ya mtu asiye na haraka, nayo ilimkera sana. Wawili hao ndio walioziwezesha ruta za pande zote mbili kupashana habari: mimi naweza kufika huku, wewe unaweza kufika kule. Kazi ilipokwisha, kila mmoja alijisifu kwamba sehemu ngumu aliifanya yeye.

Ikaja Jumamosi moja ya harusi. Shangazi yake, Akofa, alikuwa na binti aliyekuwa anaolewa ng'ambo, Hamburg, na mwenyewe alikuwa amenyimwa viza. Basi wakakubaliana kwamba yeye na kwaya ya akina mama wataimba kanisani kwao Amedzofe, mlimani, nao waalikwa kule watawaona kwenye skrini. Akina mama walishavaa sare. Ghafla simu ya Dzigbordi ikaita.

"Wewe mtoto," Shangazi Akofa alisema, "mkwe wangu ameganda hapa kwenye skrini, mdomo wazi kama samaki. Hasogei. Nifanye nini?"

"Usiguse kitu, Shangazi. Nalishughulikia."

Akaketi, akatuma data kuelekea Amedzofe na kuitazama inapita wapi. Ikatoka Ho ikaenda Kpando. Kpando ikairudisha Ho. Ho, Kpando, Ho, Kpando, mpaka ikafia njiani. Akampigia Elikem.

"Kaka, mbona unanirudishia data za Amedzofe?"

"Mimi? Wewe ndiye unayenirudishia. Nakupa, unanipa."

"Nakupa kwa sababu ruta yako inasema inaijua njia."

"Na yangu inasema yako ndiyo inayoijua."

Kila mmoja akaitazama skrini yake. Kisha Elikem akaanza kucheka, taratibu kama alivyofanya kila kitu. "Kwa hiyo, dada yangu, hakuna anayeijua."

Ndivyo ilivyokuwa. Mawasiliano ya redio kutoka Ho moja kwa moja hadi mlimani yalikuwa yamekatika asubuhi ile. Ruta ya Ho, ilipokosa njia hiyo, ikasikia kwamba Kpando inayo, ikaamini. Kumbe Kpando ilikuwa imeambiwa na Ho yenyewe. Habari ile ile ilikuwa imerudi kwa mwenyewe na asiitambue.

"Nazima zote niwashe upya," Dzigbordi alisema.

"Zitaamka na kudanganyana vilevile. Ngoja kidogo tufikiri."

Alitaka kumjibu jambo kali, akajizuia. Akafikiri. "Tuzitie alama," alisema. "Njia yoyote inayotoka kwangu iwe na alama yangu. Ikijaribu kurudi kwangu kupitia kwako, ruta iikatae."

"Na zangu vivyo hivyo. Alama yako iwe namba gani?"

"Weka mwaka niliozaliwa."

"Nitaujuaje?"

"Si uulize."

Aliuliza, akaambiwa. Wakaandika amri pamoja, mmoja akisoma na mwenzake akirudia. Uongo ulipofutika, ruta ya Ho ikaishika njia ya kweli iliyokuwapo siku zote, ile ndefu ya kupitia mji wa Hohoe. Ilikuwa imeachwa kwa sababu ile ya uongo ilionekana fupi. Amedzofe ikaitika.

"Amefunga mdomo!" Shangazi Akofa alipaza sauti, Dzigbordi alipomuunganisha kwenye simu ile ile. Bibi harusi alikuwa amegoma kuingia kanisani mpaka amsikie mama yake, na mchungaji wa Kijerumani alishaketi. Kwaya ikaimba. Dzigbordi akacheza peke yake kati ya meza za ofisi, simu mkononi.

"Wanaimba vizuri," Elikem alisema. Kumbe hakuwa amekata.

"Kumbe upo?"

"Nipo. Endelea kucheza, nasikia viatu."

Wiki iliyofuata Elikem alifika Ho, eti kuzikagua zile alama kwa macho. Zingeweza kukaguliwa kwa simu, na wote wawili walilijua hilo. Alikuwa mrefu, mwenye pengo, na walipokula mchana alisifia mchuzi wa bamia kwa muda mrefu hata Dzigbordi akasahau kumkatiza.

"Mtu hutoka Kpando mpaka Ho kuangalia mashine?" Shangazi Akofa aliuliza aliposikia.

"Mashine zetu ni nyeti, Shangazi."

"Haya. Nitawaambia akina mama wafue sare."

Walioana mwaka uliofuata, Amedzofe. Ndugu za Elikem walipanda mlima na ngoma zao za borborbor, wakapunga leso mpaka jua likazama, na Dzigbordi akawachezesha hadi wapigaji wenyewe wakaomba maji.