Kila Kitu Tano

Ukimpa Dancun Oduor maneno kumi, atakurudishia mawili, na hayo mawili utayangoja. Mtu kama huyo ndiye aliyetumwa na kampuni kwenda kulala Likoni, aikague hoteli, kisha aje aeleze kama inafaa au haifai. Mambo ya waajiri hayo, usiniulize mimi.

Kampuni yenyewe ni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko karibu na Kipevu, na Dancun ni karani wake mwaka wa kumi na sita huu. Mkubwa wao, Gershom, alikuwa akitafuta hoteli ya kuwalaza mawakala wanaoshuka kutoka Malaba na Busia kila mwezi. Gershom ni mtu wa mazoezi, na kwake yeye hoteli isiyo na jimu ni gesti tu hata ikiwa na lifti. Akaangaza macho ofisi nzima, akamwona Dancun, ambaye kila alfajiri hukimbia kutoka Changamwe hadi Jomvu na kurudi.

"Wewe ndiye unayejua mambo ya vyuma," akamwambia. "Nenda Ijumaa, urudi Jumapili. Kila kitu ukipe alama juu ya kumi. Nataka ukweli, si maneno matamu."

Dancun akasema sawa. Siku hizo kila kitu alikuwa akisema sawa.

Miezi tisa nyuma, mkewe Rosalia alianguka kiwandani, zamu ya usiku ikikaribia kwisha, na hakuinuka tena. Dancun wakati ule alikuwa njiani Jomvu anakimbia, simu ameiacha nyumbani inachaji. Aliyeipokea ni bintiye, Lynnette, mtoto wa miaka kumi na miwili. Mtu wa kiwandani hakujua anaongea na mtoto, akasema yote. Dancun aliporudi, jasho linamtiririka, alimkuta Lynnette amesimama katikati ya chumba na simu mkononi, hajaketi, halii.

Wakazika huko Ugenya, wakarudi. Lynnette akapelekwa Mishomoroni kwa mamake mdogo, Carolyne, akae wiki mbili tu, baba apumue. Wiki mbili zikazaa miezi. Kila Jumapili Dancun alikwenda, akaketi, akanywa chai, akauliza habari za shule, akaondoka. Watu msibani walimwambia jikaze, naye alijikaza hata akakazika. Hakulia kaburini wala hakulia nyumbani. Alikuwa akila na asijue alichokula. Alikimbia zaidi kuliko zamani, na miguu haikumwuma, na hilo pia hakulijali.

Sasa mume wa Carolyne amehamishiwa Kisumu. Alhamisi Carolyne alimtumia ujumbe: "Shemeji, tunasafiri Jumapili saa moja asubuhi. Lyn aende nasi au abaki nawe? Nijibu. Ukininyamazia namchukua, na huko atakaa."

Aliusoma, akaitia simu mfukoni. Usidhani hakumtaka mwanawe. Alijiuliza jambo moja tu: baba asiyehisi kitu, atamfanyia nini mtoto? Atampikia, sawa, atamlipia shule. Na baada ya hapo? Ijumaa jioni akavuka feri kwenda Likoni bila kumjibu Carolyne.

Hoteli iko kwenye barabara ya Mtongwe, ghorofa nne, imepakwa rangi ya kijani ambayo mwenyewe aliipenda peke yake. Dancun akapewa chumba cha ghorofa ya pili. Akatoa daftari, akaanza kazi. Kitanda akakilalia, akageuka kulia na kushoto, akaandika: tano. Maji ya bafuni akayafungua, yakaja kwa nguvu, ya moto, akaandika: tano. Dirisha lilifunguka likaleta upepo safi wa mkono wa bahari, na chini yake mtu anakarabati pikipiki kwa nyundo. Upepo tano, kelele tano.

Akateremka kula. Akaletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka, samaki amechomwa akachomeka, tui limemganda mgongoni, ndimu pembeni. Mhudumu akasimama karibu angoje sifa, kama ilivyo haki yake. Dancun akala hadi akamaliza, akafuta mikono, akaandika: tano. Samaki wa kupaka wa Likoni, tano! Wako watu wamenuniwa na wakwe zao mwaka mzima kwa kosa dogo kuliko hilo.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapanda ghorofa ya nne kuikagua jimu.

Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza ameketi mama wa makamo, amevaa buibui na raba nyeupe za michezo. Jina lake Mwanarehema. Yeye ndiye mwenye ufunguo, ndiye anayefuta mashine, na ndiye anayeamua nani aingie.

"Shikamoo, mama," akasema Dancun. Miaka ishirini ya Mombasa ilikuwa imemfunza angalau hilo.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Alhamdulillahi. Jaza fomu kwanza."

Dancun akachungulia ndani kwa juu ya bega lake. Mashine mbili za kukimbilia, moja imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu. Baiskeli mbili za kukanyaga papo hapo. Vyuma vimepangwa kwa uzito, kidogo hadi kikubwa, havina kutu, jambo ambalo karibu na bahari si dogo. Sakafu inang'aa. Akaandika tano, kisha akaivuta fomu.

Ilikuwa fomu ndefu kupita kiasi. Mwenye hoteli aliinakili kutoka zahanati ya nduguye, kwa hivyo iliuliza presha, kisukari, mzio wa dawa, dini, na hali ya ndoa. Dancun akajaza haraka haraka kama anavyojaza karatasi za mizigo, mkono unakwenda, kichwa hakipo. Akamrudishia. Mwanarehema akavaa miwani, akaisoma kituo kwa kituo.

"Hapa umeandika mjane."

"Ndiyo. Mke wangu alifariki."

"Pole sana, baba. Mungu akupe subira. Lakini mjane ni mwanamke aliyefiwa na mumewe. Mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane."

"Si ni kitu kimoja?"

"Hakiwi kimoja hata. Mjane ni mimi, mwaka wa saba huu. Wewe ni mgane." Akalikata neno lake kwa kalamu nyekundu, akaandika lingine juu, kwa mwandiko wa chuoni.

Dancun akalitazama. Mgane. Miezi tisa ofisini wamemwita mjane, na kanisani mjane, naye mwenyewe kila karatasi ameandika mjane, na siku zote hizo neno lake lipo, watu wa hapa wanalo, hakuna aliyempa. Akalisema kwa sauti ndogo, mara moja.

"Na hapa chini," Mwanarehema akaendelea, "mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo. Umeandika Rosalia. Ni dadako?"

Dancun akainama kutazama. Kweli, ameandika Rosalia, na nambari yake yote, bila kukosea tarakimu.

"Ni yeye," akasema. "Marehemu. Mkono umezoea."

Mwanarehema hakushangaa wala hakumhurumia kwa macho, maana aliyefiwa anamjua aliyefiwa. Akasema, "Basi nipe mwingine. Mimi simwingizi mtu humu bila kuipiga nambari na kusikia binadamu. Mwaka juzi mgeni alizimia pale kwenye baiskeli, nambari aliyoandika ikawa ya uongo, nikahangaika naye peke yangu na chupa ya maji. Nikaapa."

Dancun akafikiri. Gershom? Mtu hamwandiki mkubwa wake wa kazi. Kakake yuko Doha. Carolyne, la, hakuwa na uso wa kumwandika Carolyne na bado hajamjibu. Akatafuta tena, akafika mwisho wa watu.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna vipi? Hii nambari haiiti?"

"Inaita. Simu iko kwa binti yangu. Ana miaka kumi na mitatu sasa." Hajawahi kuipiga tangu mazishi. Akitaka kuzungumza na Lynnette hupitia kwa Carolyne, maana kwenye simu yake ile nambari bado imeandikwa jina la Rosalia.

"Miaka kumi na mitatu si mtoto wa kunyonya. Anatosha kujua babake yuko wapi," akasema Mwanarehema, na vidole vyake vimeshabonyeza.

"Ngoja," akasema Dancun. Lakini neno la Dancun siku zote hufika limechelewa. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, inaita.

"Halo?"

"Halo, mwanangu, hujambo? Samahani kukuamsha. Mimi naitwa Mwanarehema, napiga kutoka hotelini huku Likoni. Nina mtu hapa anaitwa Dancun Oduor, ameandika nambari yako, ni—"

"Naye amekufa?"

Mwanarehema akafumba mdomo. Mtoto hakulia wala sauti haikutetemeka. Aliuliza kavu, kama mtu anayeuliza duka limefungwa. Dancun aliijua sauti ile, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyoitumia ofisini na kanisani na kwa Carolyne kila Jumapili juu ya kikombe cha chai. Alidhani ganzi ile ni yake peke yake. Kumbe alimwachia mtoto nusu, akaenda zake kukimbia.

Akaogopa. Nakwambia aliogopa, na kilikuwa kitu cha kwanza kukihisi tangu siku ile ya Jomvu. Akainyakua simu mezani.

"Lyn. Ni mimi. Sijafa."

Akaibana simu sikioni.

"Lyn?"

"Sema kitu kingine," akasema Lynnette.

Kitu gani? Mtu ambaye hana maneno, utamwomba maneno saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Akatazama huku na huku, akashika alichokiona. "Niko kwenye jimu," akasema. "Kuna mashine mbili za kukimbilia, moja mbovu. Kuna baiskeli. Kuna vyuma, kilo mbili, kilo tano, kilo kumi. Kuna mama amevaa raba nyeupe, ananitazama." Akasikia upande wa pili pumzi inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kisha ikakatika, na mtoto akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa kelele, kilio cha miezi tisa. Nyuma yake sauti ya Carolyne ikauliza kuna nini, kuna nini.

Dancun hakulia. Macho yalikuwa makavu vilevile. Lakini hakuiondoa simu sikioni.

"Kesho wanaondoka saa moja," Lynnette akasema alipoweza. "Nguo zangu auntie ameshazifunga."

"Wao wanaondoka. Wewe nakuja kukuchukua."

"Lini?"

"Sasa."

"Ulisema wiki mbili."

"Nilisema," akajibu Dancun. "Nilikosa, Lyn."

Lynnette akavuta kamasi. "Usikate simu."

"Sikati."

"Mpaka ufike."

"Mpaka nifike," akasema, na tayari alikuwa ameshika ngazi anateremka, daftari la Gershom limebaki juu ya meza, mkoba umebaki chumbani, na simu sikioni anamwambia mtoto hapa ni ghorofa ya tatu, hapa ni ya pili, hapa pana zulia jekundu. Mwanarehema akavua miwani, akafunga mlango wa jimu kwa ufunguo, akainua buibui lake kidogo asijikwae, akamfuata, maana simu ilikuwa yake.