Delbert na Mkanda wa Tano

Delbert Trevarrow alikuwa na jambo moja tu la kujivunia, lakini hilo moja lilitosha kuuchosha mji mzima. Kwa miaka arobaini na moja alionyesha filamu katika jumba la sinema la hapa Pelton, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, na kwa maelezo yake mwenyewe hakukosea hata siku moja. Ukimpa kahawa atakuambia. Usipompa pia atakuambia.

Jumba lilipofungwa tukaanzisha Chama cha Sinema, wazee kumi na mmoja, kila Alhamisi alasiri katika ukumbi wa chini wa maktaba. Kazi yetu ni Orodha: filamu hamsini za Marekani ambazo taifa hili halipaswi kuzisahau. Kwamba taifa halijawahi kutuuliza, hilo halitusumbui. Kila Januari filamu moja inaingia na moja inatoka, na anayependekeza lazima kwanza atuonyeshe upya, maana kumbukumbu zetu si za kuaminika. Mwenyekiti, Eugene Pascoe, aliyekuwa muuza nyama, anaamini kwamba filamu isiyo na farasi haijakamilika. Mimi ni katibu, kwa hiyo matusi ya miaka kumi na tisa yote ninayo kwenye daftari.

Verna Lehtola, mwalimu mstaafu wa hesabu, amekuwa akipendekeza filamu ileile tangu chama kianze, iitwayo Kiangazi cha Ordway. Tatizo ni kwamba haikupatikana popote. Hata hivyo kila Januari Delbert alisimama kuipinga. Mara inachosha, mara muziki wake unaumiza meno, mara yule mwigizaji mkuu ni gogo. Pascoe alimtania kwamba anamwonea wivu mwigizaji kwa ajili ya nywele zake, na kwa kweli Delbert na nywele waliagana zamani.

Verna hakujali. Mumewe, Arvid, alifukiwa mgodini Machi ya mwaka 1967, na filamu ile ikaja Pelton mwezi Juni. Ndani yake fundi wa reli anakufa darajani, kisha bila maelezo yoyote tunamwona jikoni asubuhi, anakaanga mayai huku mkewe akimcheka. Halafu mke anauza nyumba na kuondoka.

"Ni filamu pekee iliyosema kweli," Verna alikuwa akituambia. "Mtu akishakufa, asubuhi bado yumo jikoni. Unamsikia kabisa. Mchungaji wetu hakulijua hilo, ila hao watu wa sinema walilijua."

Sasa niseme jambo ambalo wakati huo alilijua Delbert peke yake. Siku zile filamu ilikuja vipande vipande, mikanda sita ndani ya makopo, na mwonyeshaji ndiye aliyeipanga na kuibadilisha mmoja baada ya mwingine. Siku ya kwanza ya Kiangazi cha Ordway, Delbert aliweka mkanda wa tano kabla ya wa nne. Fundi akafa kwanza, mayai akayakaanga baadaye. Basi. Hakuna mtu wa sinema aliyejua lolote kuhusu asubuhi za wajane. Ni kopo tu lililoshikwa vibaya.

Desemba iliyopita mpwa wa Verna aliyeko Milwaukee akaipata kwenye diski. Verna aliingia nayo ukumbini ameikumbatia, na Delbert akaacha kipande chake cha mkate wa iliki bila kukimaliza, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada ya hapo.

Alikuwa na wiki moja kabla haijaonyeshwa. Akisema kweli, sifa yake ya miaka arobaini na moja inakwenda na maji. Akinyamaza, Verna ataona kwamba yule mume wa jikoni yu hai kwa sababu tu hajafa bado, na asubuhi aliyoishikilia miaka thelathini na saba itageuka kuwa asubuhi ya mtu yeyote. Baadaye alikiri kwangu kwamba hilo la kwanza lilimnyima hamu ya kula. La pili ndilo lililomnyima usingizi.

Alichoamua ni kitu ambacho mwonyesha filamu tu angekifikiria. Alijitolea kuendesha mashine. Akaiazima diski eti aipime, akakaa nayo nyumbani akifanya mazoezi ya kuruka kipande na kurudi nyuma kwa rimoti. Sisi tukampongeza kwa kuacha ukaidi.

Alhamisi ikafika. Delbert alikaa nyuma, rimoti ameificha chini ya kofia. Tulipofika katikati picha ikaruka, na ghafla tukawa darajani. Pascoe akalalamika kwamba mashine imezeeka kuliko sisi. Delbert akasema ni diski. Fundi akafa. Verna akaegemea mbele, akingoja jiko. Delbert akabonyeza. Badala ya jiko, ukuta mzima ukajaa vipande vya filamu vilivyopangwa kwa namba, kila kimoja na picha yake ndogo: jikoni namba nane, darajani namba kumi na moja. Akabonyeza tena na tena, wala havikuondoka.

Verna alifundisha hesabu miaka thelathini. Nane na kumi na moja hazikuhitaji kalamu.

"Delbert," alisema bila kugeuka, "jikoni ni kabla?"

"Ndiyo."

"Na ile ya Juni?"

Delbert akasimama na kusema mbele yetu sote kwamba alikosea mkanda. Kwa jinsi alivyotuchosha miaka yote, tulistahili kumzomea, na Pascoe alishafungua mdomo. Lakini Verna alikuwa hajamaliza hesabu yake.

"Niliitazama siku nne mfululizo. Ulikosea zote nne?"

"Siku ya kwanza tu," alisema Delbert. "Ya pili nilishaipanga sawasawa. Halafu nikachungulia kwenye kidirisha, nikakuona umekaa kiti kilekile, na koti lako jeusi. Nikaigeuza tena."

"Na ya tatu?"

"Na ya tatu. Na ya nne."

Verna akalia, hakujificha. Nami nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Aliponiomba, nikaichukua rimoti na kubonyeza namba nane, tukatazama mayai yakikaangwa hadi mwisho.

Kisha Pascoe akaitisha kura, na wa kwanza kupinga alikuwa Verna mwenyewe. Alisema hiyo ya kwenye diski ni filamu ya kawaida, Marekani inaweza kuisahau bila hasara. Ile yake haikutoka Hollywood. Ilitoka chumba cha juu cha jumba letu, ikaonyeshwa siku nne, basi. Ikakataliwa.

Tulipokuwa tukivaa makoti alimwendea Delbert.

"Siku nne uliniona nalia. Mbona hukushuka hata mara moja?"

"Ningeshukaje, Verna? Kila mkanda ni dakika kumi na nane, na nilikuwa peke yangu kule juu."

"Sasa huna mkanda wowote wa kubadilisha," alisema Verna, akamngoja mlangoni.