Hitilafu Ndogo

Mama mtunza maabara wa shule yetu hujitolea kujaribu kila toleo la mfumo huria unaoendesha kompyuta zetu kabla halijatoka. Huandika makosa kwa vidole viwili, kisha huisoma ripoti kwa sauti kama barua ya posa. Juzi toleo jipya lilizima skrini zetu zote. Likitoka hivyo, maabara imekufa. Akaripoti. Wakuu wa mradi wa mfumo huo wakajibu, “Mashine za kizamani, hitilafu ndogo,” wakaifunga ripoti. Kizamani! Kwani tulizichagua?

“Mama, achana nao, wanakudharau!” nilifoka.

“Mwanangu, hasira haiwashi skrini.”

Akawaketisha wanafunzi mbele ya skrini ishirini nyeusi, akawapiga picha. Akaifungua ripoti upya, akaambatisha picha hiyo, akaandika kwa vidole vilevile viwili: “Hitilafu yenu ndogo ndiyo hii. Ihesabuni.”