Kabati la Vestina

Vestina alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni usafi. Majirani zake pale Kasulu walipanga sufuria sakafuni na maisha yakaenda, lakini yeye jiko lake lilikuwa na kabati lililojengewa ukutani, milango minne ya mninga. Alilitengeneza mumewe Nestori, fundi seremala, Muha wa hapohapo Kasulu, mwaka mmoja kabla hajafa. Vestina mwenyewe alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, mwaka sabini na mbili. Burundi aliijua kwa kusimuliwa tu.

Miaka mitano ya moshi wa kuni ililifanya kabati lile jeusi tii. Basi siku moja ya Novemba, mwaka tisini na saba, sista mmoja wa misheni alikokuwa akifua nguo akampa kopo la rangi ya mafuta lililobaki, rangi ya bluu. Weee! Vestina alirudi nyumbani anacheka peke yake barabarani.

Hakutaka fundi. Fundi gani aguse mbao za Nestori? Alisugua masizi kwa msasa siku mbili nzima, viganja vikamchubuka, na bintiye Winnie alipomwonea huruma akamfukuza akachote maji. Siku ya tatu akafungua kopo. Rangi ilikuwa nzito kama ugali.

"Tia mafuta ya taa," alisema Kezia.

Huyu Kezia alikuwa jirani wa ng'ambo ya njia, amepanga chumba kinachovuja, na kwaya waliimba pamoja. Kwa ushauri hakuwa mchoyo hata kidogo. Alikaa kwenye kigoda cha Vestina, akanywa uji wa Vestina, akaelekeza. Vestina akatia mafuta ya taa, tena mengi, akapaka. Koti la kwanza la rangi halijakauka, akapiga la pili, maana alikuwa na hamu ya kuliona linang'aa. Kwa kweli liling'aa. Alirudi nyuma hatua mbili akalitazama, machozi yakamlenga.

"Sasa funga milango, mama Winnie," Kezia akasema. "Kuku wako hawa wataruka humo ndani."

Vestina akaibana milango yote minne, rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Ndani, rafu ya juu kabisa, ilibaki bahasha ya kaki yenye cheti chake cha ndoa na cheti cha Winnie cha kuzaliwa. Ilikaa hapo tangu enzi za Nestori. Hakuna aliyewahi kuiulizia.

Ikauliziwa baada ya siku nne. Asubuhi, Vestina anapepeta mchele, lori likasimama. Siku hizo Warundi waliokuwa wanakaa nje ya kambi za wakimbizi walikuwa wanakusanywa kupelekwa huko, wageni na wakongwe, wote kapu moja. Askari aliyeingia jikoni alikuwa kijana, wala hakuwa na ukali.

"Mama, wewe ni Mrundi?"

"Mume wangu ni wa hapa. Marehemu Nestori, muulize yeyote."

"Simuulizi yeyote. Nioneshe cheti."

"Ego, ndiyo, kipo," akajibu Vestina, akashika kishikio cha mlango, akavuta. Mlango haukusogea. Akavuta kwa mikono miwili, kishikio kikang'oka akabaki nacho mkononi. Rangi ilikuwa imeshikana, milango minne imekuwa ubao mmoja. Yoo! Jasho likamtoka. Askari akatazama saa yake, akatazama lori, akamwonea huruma, maskini.

"Lete shoka tuvunje," akasema. "Upesi."

Shoka lilikuwa palepale mlangoni. Winnie akaliokota. Hapo ndipo Kezia alipoingia mbio, kanga imemponyoka begani, akasimama mbele ya kabati mikono kaipanua.

"Msivunje! Mama Winnie, kazi ya mikono ya marehemu hii! Unataka kuipasua leo, kwa karatasi? Nenda tu. Nitapasha kisu moto, nitapitisha hapa kwenye nafasi, mlango utafunguka wenyewe. Kesho nakuletea bahasha mkononi."

"Wengine wanaletewa vyeti na ndugu zao," askari akakiri. "Huwa wanarudishwa hapa Kasulu."

Vestina akaitazama ile bluu, akaona alama za randa ya Nestori chini yake. Akamnyang'anya Winnie shoka, akaliegemeza ukutani taratibu.

"Kesho, Kezia. Usinisahau."

"Nikusahau wewe? Mungu wangu anaona!"

Lori likapitia shuleni kupakia wengine, kisha likawapeleka hadi Kibondo, kambi ya Nduta. Kesho ikaja. Keshokutwa ikaja. Kila gari lililoingia, Vestina alikimbilia getini akiwaambia wenzake, "Ni jirani yangu, kaniletea karatasi." Wenzake wakawa wanamcheka, wakambandika jina, Mama Kesho. Alituma salamu kwa dereva, kwa mchungaji, kwa muuza samaki. Hakujibiwa. Hata hivyo alimtetea Kezia: labda anaumwa, labda kisu kimeshindwa. Jamani, mtu anaweza kujidanganya kiasi hicho!

Baada ya miezi saba akapewa ruhusa ya siku moja. Alimwacha Winnie kambini, akafika Kasulu mchana, akasikia harufu ya rangi kabla hajaingia uani. Jikoni kwake, juu ya kigoda chake, alisimama Kezia na brashi. Nusu ya kabati ilikuwa imeshakuwa kijani.

"Karibu," Kezia akasema, bila kushuka. "Bluu imenichosha macho."

"Kezia. Mlango ulifunguka?"

"Mbona ulifunguka vizuri tu. Ulitaka joto la kisu."

"Lini?"

Kezia akainama akachovya brashi, akaikung'uta mdomoni mwa kopo. "Siku ileile. Hata lori lenu lilikuwa halijamaliza kupakia, nililisikia likinguruma pale shuleni." Akapaka mstari mmoja mrefu. "Chumba changu kilikuwa kinavuja, mama Winnie. Wewe hukuwahi hata kuniuliza nalala wapi mvua ikinyesha."

Vestina akainama. Chini ya kopo, sakafuni, palitandikwa karatasi ya kudakia matone. Akaivuta. Jina la Nestori lilisomeka lote, na mhuri wa bomani. Mahali pa jina la mke, jina lake yeye, palikuwa na duara la kijani la kitako cha kopo. Akalisugua kwa kidole. Lilikuwa limeshakauka, karatasi ikatoboka.

 Gari la kurudi lilikuwa linaondoka saa kumi. Akaikunja karatasi, akageuka atoke, mkono ukinyooka kushika mlango wa kabati asianguke.

"Usiguse hapo," Kezia akamwambia. "Bado mbichi."